Makumbi ya Mize

"Mwenye pumzi hufukua makumbi yake." Mmeisikia asubuhi hii Bi Kibibi akimpigia kelele bintiye aliyefeli mtihani na kujifungia ndani wiki mbili, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi imetoka wapi. Haya. Raya, weka simu chini. Nasra, sogea huku, sikio langu la kushoto halisikii. Maneno hayo hayakutoka kwa wahenga wa zamani. Yalitoka hapa hapa kwetu, kinywani mwa mtu niliyemjua, na ilikuwa hivi.

Makumbi ni yale maganda ya nazi, hilo mnalijua. Tunayafukia matopeni pwani, tunayawekea mawe juu yasichukuliwe na maji, yanakaa humo mwaka mzima mpaka yalainike. Kisha maji yakipwa tunayafukua, tunayaponda yatoe usumba, zile nyuzi zake, na usumba tunausokota kamba. Kila mwanamke ana shimo lake, na halifukuliwi na mtu mwingine. Isipokuwa akifa. Siku ya tatu baada ya mazishi wenziwe huteremka pwani wakalifukua, na usumba wake ukatolewa sadaka. Ndivyo tulivyokuta wazee wakifanya.

Mize binti Haji alikuwa shoga yangu. Kwa kusokota, msiniambie! Kamba yake ilikuwa sawasawa toka ncha hadi ncha, na watu wakiiagiza kutoka vijiji vya mbali. Nilikuwa namwonea kijicho, nasema kweli. Alikuwa na miaka arobaini alipopigwa na kiharusi. Alitoka kisimani na ndoo yake, akaanguka. Upande wote wa kulia ukafa, mkono na mguu, na mdomo ukaenda kombo. Mumewe, Machano, alimuuguza siku arobaini, kisha akahamia kwa mke mdogo, akawa anapita Ijumaa kwa Ijumaa kama mtu anayezuru kaburi. Watoto Mize hakujaliwa.

Basi Mize akageukia ukuta. Uji nikimpelekea, hali mpaka nimlishe. Nikimwambia, mwenzangu, inuka japo ukae, ananijibu, "Niinukie nini?" Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa viganja viwili, kimoja kimeondoka, utamwambia nini? Na tulimchoka, wajukuu zangu. Watu hawalisemi hilo, lakini mgonjwa asiyekufa wala asiyepona anachosha.

Mwaka ukazunguka. Makumbi aliyoyafukia akiwa mzima yalikuwa bado matopeni, na yakipitiliza muda wake huoza yote, usipate hata uzi. Bi Pili, aliyekuwa mkubwa wetu pwani, akasema, "Tumfukulieni, maskini. Ataweza wapi yule?" Hakuna aliyepinga. Mimi nilikuwa wa kwanza kutia jembe. Nikajaza pakacha, nikalibeba mpaka chumbani kwake, nikalitua karibu na kitanda, tope likitiririka sakafuni.

"Mize," nikamwambia, "tumekufukulia."

Akageuza kichwa polepole. Akalitazama pakacha.

"Mmenifukulia?"

"Ndiyo, mwenzangu. Yangeoza."

"Nimekufa lini?"

Nikacheka kwa haya. "Ah, Mize nawe, usiseme hivyo."

"Nakuuliza. Nani kanikosha? Sanda kanunua nani? Nimekufa lini, na mimi mwenyewe sikuambiwa?"

"Tulikuonea huruma tu, shoga."

"Huruma!" Mate yakamtoka upande ule ulioanguka. "Mwaka mzima namwomba Mungu kifo, hakunipa. Nyinyi mmenipa. Rudisha."

"Nirudishe wapi?"

"Shimoni. Yarudisheni yote, hata moja lisibaki. Mwenye pumzi hufukua makumbi yake!"

Nilidhani akili zimemruka. Lakini alikwisha kujiangusha chini, anajiburura kwa mkono mmoja kuelekea mlangoni. Kutoka kwake hadi pwani ni hatua chache tu, nyinyi mnakimbia bila hata kuhema. Yeye alitoka adhuhuri, akafika alasiri inaadhiniwa. Bi Pili alijaribu kumshika, akang'atwa mkono. Basi ikatubidi tuyarudishe makumbi yake tukiwa tunalia, tukayafunika tope, naye akakaa kitako pale pale, akaanza kufukua kwa mkono wa kushoto.

Maji yalikuwa yanajaa. Mawe hatukuwahi kuyaweka. Alitoa kumbi moja, likamponyoka. Akatoa jingine, akalibana kwapani. Nilipoinama kumsaidia alinitemea mate usoni. Tulimbeba kwa nguvu maji yalipomfika kifuani, na makumbi aliyoyaokoa yalikuwa kumi na moja. Mengine yote yalichukuliwa na bahari, na kosa ni letu. Msidhani alirudi nyumbani ana furaha. Alilia siku mbili, kilio cha kupasua moyo, na hakuna aliyethubutu kuingia.

Siku ya tatu nikasikia kishindo kwake. Anaponda. Mkono wa kushoto haukuwa na shabaha, nusu ya mapigo yalikuwa yanapiga sakafu. Kusokota ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Ncha ya uzi aliibana kwa meno, kisha akausokota kwa kiganja kimoja juu ya paja lake la kulia, lile lililokufa. Na kwa kuwa paja halihisi, ngozi ilichubuka bila yeye kujua, mpaka alipoona usumba umeingia damu. Akangoja pakauke, akaanza tena. Miezi minane hiyo. Ikatoka kamba ya pima moja. Mbaya, jamani! Hapa nene, hapa nyembamba, hapa inataka kukatika. Mnunuzi aliigeuzageuza, akamrudishia. "Hii haifungi hata mbuzi," akasema, akaenda zake.

Nikamwonea uchungu, nikataka kumkimbilia yule mwanamume nimtukane. Mize akaikunja kamba yake, akaiweka mapajani.

"Mwaka jana sikuwa nayo," akasema.

Baada ya hapo akaniomba nimfundishe kusuka ukili wa mikeka, kitu ambacho hata akiwa na mikono miwili hakukijua. Nikakasirika. "Ya nini tena, Mize? Ukili hautamrudisha Machano!"

"Najua harudi," akanijibu. "Kila asubuhi nikifumbua macho natamani ningekuwa nimekufa. Basi najifunza kitu kwanza."

Nikamfundisha. Sasa msingoje niwaambie alipona. Mkono haukurudi, mume hakurudi, na kamba zake hazikufika uzuri wa zile za mwanzo. Aliishi miaka sita hivyo, na kila mwaka alikuwa anajua jambo ambalo mwaka uliopita hakulijua. Ndipo watu wakaanza kuyasema maneno yake, wakamwambia kila mtu aliyekata tamaa.

Mimi pia nilikuja kuambiwa. Babu yenu alipokufa nilikuwa mwanamke mwenye nguvu zangu, sina hata kikohozi. Nikalala, nikageukia ukuta. Mize, ambaye wakati huo alikwisha kuanza kutembea kwa mkongojo, akaja akiburura mguu, akasimama mlangoni. "Makumbi yako yamewiva," akasema. "Kesho maji yanapwa. Twende." Nikamwambia aniache. Hakunibembeleza. Alinitazama, nikaona anayajua yote yaliyomo ndani yangu, kisha akaondoka.

Kesho yake nilizisikia sauti za wenzangu pwani, nikajifunika khanga gubigubi. Bi Pili akaniletea pakacha, akalitua. Nami sikumwambia arudishe. Nilimwambia ahsante. Tangu siku ile sijafukia kumbi jingine, wala sijajifunza jambo jipya, na mwaka huu ni wa thelathini. Mlikuwa mkiniuliza kwa nini bibi yenu hateremki pwani, nikiwaambia magoti yananiuma. Magoti yameanza kuniuma juzi juzi tu.

Kwa hiyo yule binti wa Bi Kibibi msimcheke, nendeni mkamgongee mlango. Mimi nilikuwa na pumzi, wajukuu zangu, na mikono yote miwili. Mwenye pumzi hufukua makumbi yake.