Sahani ya Mtoto wa Nyati

Hapo zamani za kale, mbu alipokuwa bado hajajua kuimba masikioni mwa watu, palikuwa na nchi mbili zilizotengwa na mto. Ng'ambo hii walitawala tembo, ng'ambo ile nyati. Katikati ya mto palikuwa na kisiwa cha magadi, na kila upande ulitaka kuyalamba peke yake. Basi, wanangu, ugomvi! Leo matusi, kesho mawe, hadi wakakubaliana jambo moja tu: kesho jua likichomoza, vita.

Jemadari wa tembo alikuwa Bi Tembo mwenyewe. Mchana kutwa alishinda jikoni akinoa pembe zake, kwaru! kwaru!

Mlango ukalia kiii. Mtoto karudi kutoka shule.

"Siwatu, ni wewe?"

Mtoto akakohoa. "Kho!"

"Chakula hicho. Kula ulale. Kesho mama yako ana kazi."

Akasukuma sahani nyuma kwa mguu, hata hakugeuka. Kwaru! kwaru! Mtoto akala viazi, akala mchicha, akalamba sahani.

"Asante, Bi Tembo. Mchicha mtamu."

Bi Tembo! Tangu lini mwana akamwita mama yake Bi Tembo? Akageuka. Lahaula! Kwenye mkeka wa mwanawe ameketi ndama wa nyati, vipembe viwili kichwani, midomo inang'aa mafuta.

"We! We nani?"

"Shikamoo. Mimi Kombo, mtoto wa Bwana Nyati."

"Siwatu wangu yuko wapi?"

"Kwetu. Anakula."

Bi Tembo akakaa chini pu! Vyungu vikaruka. Mwanawe wa pekee yuko ndani ya nyumba ya adui, na yeye alipanga kuikanyagakanyaga nyumba hiyohiyo kesho asubuhi!

"Nani kakutuma?"

"Mwalimu Pimbi. Katuambia leo kila mtu akale kwa rafiki yake. Tukiulizwa tusidanganye, tukohoe."

Pimbi! Kale kamnyama ka miambani kasiko hata na mkia! Kalifungua shule mpakani, kakifundisha watoto wa nchi zote pamoja. Wakubwa walikacheka. Walipeleka watoto huko wapate nafasi ya kunoa pembe.

Kombo akasimama wima, kama alivyozoea darasani.

"Sheria ya nchi zote: ukimlisha mtoto wa nchi nyingine, huipigi nchi yake. Atakayevunja sheria hii, nchi zote zitamfungia visima."

"Uongo! Nani katunga?"

"Babu na bibi zenu, Bi Tembo. Nyinyi hamkufundishwa?"

 Bi Tembo akakumbuka bibi yake akisema maneno hayohayo, na yeye akikimbilia kuchezea tope. Hakungoja tena. Akamchukua Kombo mgongoni, mbio mpaka mtoni, chubwi!

Kule kisiwani nani huyo anahema? Bwana Nyati, naye kagundua ni nani aliyemlisha, macho yamemtoka, na Siwatu kamshika mkia.

"Mwanangu!" akalia Bi Tembo.

"Mwanangu!" akanguruma Bwana Nyati.

Juu ya jiwe, Pimbi anatafuna majani, nyam nyam.

"Mwizi wa watoto wewe!" Bi Tembo akamfokea. "Nitakusaga!"

"Mimi sikuiba, mama. Walipita milangoni kwenu mchana kweupe. Mngewatazama tu kabla ya kuwapa chakula, mngewarudisha, na kesho mngeuana bila kizuizi."

 Bwana Nyati, hodari wa kubwata, akainamisha pembe.

Siwatu akanyoosha mkonga, akamgusa mama yake shavuni.

"Mama, kumbe Kombo alikula chakula changu chote na wewe ulidhani ni mimi?"

Bi Tembo akamtazama mwanawe, akamtazama kweli, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. Akaona jino jipya limeota, wala yeye hakujua. Machozi yakamtiririka, tiri tiri, mpaka mkongani.

"Bwana Nyati," akasema, "keti. Tuongee habari ya magadi."

Wakaketi. Asubuhi jua lilipochomoza, tembo na nyati walikuwa wakilamba kwa zamu, na Pimbi akipanga foleni kwa fimbo.

Nami naishia hapo, jifunzeni hili: sheria ya amani iliyokaa vichwani mwa watoto ina nguvu kuliko majeshi ya wazazi wao.