Barafu ya Tupevilwe

Mtupa barafu hulima peke yake. Mmemsikia baba yenu akiwaambia hivyo asubuhi, mkacheka, mkaja kuniuliza barafu na jembe vinahusiana wapi. Kaeni basi, mwendelee kupukuchua mahindi huku nikiwaeleza, kwa maana msemo huu una mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mtu wa huku kwetu milimani.

Aliitwa Tupevilwe. Alifiwa na mumewe akiwa bado na mtoto mgongoni, akaachiwa nyumba na kinyungu kimoja kule bondeni. Kinyungu, mnakijua, ni bustani ya kiangazi, na kiangazi cha huku kwetu ni cha baridi kali. Mlimani kote kukikauka, bondeni bado kuna mboga na viazi. Bila kinyungu, miezi ya baridi ni miezi ya njaa.

Lakini bonde lilikuwa na sheria yake. Siku ya kufungua maji ya mfereji, kipande ambacho hakijalimwa alipewa mtu mwingine, hata kama mwenyewe ni mjane au jumbe. Kwa hiyo watu walilimiana kwa ujima. Mwenye shamba alipika pombe ya ulezi, majirani wakaja na majembe.

Mwaka wa kwanza wa ujane wake ulezi ulikuwa haba, na pombe ya Tupevilwe ikatoka nyepesi. Shemeji yake Ambilikile, mdogo wa marehemu, alichungulia kwenye kata akawaita wenzake.

"Njooni muone! Humu ndani nimeona samaki anaogelea."

"Mwache akue," mwingine akajibu, "tutamla mwakani."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakanywa, wakalima, wakaimba, wakamaliza tuta la mwisho jua likiwa bado juu. Walipoondoka, Ambilikile alirudi kimya kimya akampasulia kuni za kutosha juma zima. Kuni Tupevilwe aliziona. Lakini kilichobaki moyoni mwake ni yule samaki.

Alikuwa amechoka, wajukuu zangu. Mtu aliyechoka husikia neno moja tu kati ya kumi, na mara nyingi ni lile linalochoma.

Mwaka uliofuata akapika tena. Ulezi ulikuwa uleule wa kuokoteza. Jioni akasahau beseni moja la pombe uani, na umande wa huku kwetu kiangazi huganda. Asubuhi akakuta barafu imefunika beseni. Akavunja kipande, akakilamba: maji matupu, yenye harufu ya pombe kwa mbali. Akaonja kilichobaki chini. Kilimkwaruza koo, machozi yakamtoka.

"Kumbe baridi hula maji ikaacha ukali," akajisemea.

Basi akamimina pombe yote kwenye mabeseni mapana, akayapanga uani. Kila kulipokucha aliitoa barafu, akaitupa nyuma ya nyumba kwenye mianzi, huku vidole vikimfa ganzi. Pombe ikapungua, ikapungua, mpaka mabeseni yote yakaingia kwenye mtungi mmoja. Lakini ilikuwa kali. "Mwaka huu," akasema, "samaki atakufa."

Siku ya ujima ikafika, ikiwa ni mkesha wa kufungua maji. Kwa desturi, kabla jembe halijagusa udongo, kila mlimaji hupewa kata nzima ya kunyoosha mgongo, na kila akimaliza tuta hupewa nyingine ya kukata kiu. Tupevilwe akawapimia kwa kata ileile ya siku zote. Nao wakanywa kama siku zote, kwa pumzi moja.

"Eh, shemeji!" Ambilikile akafuta midomo. "Hii umeipikia nini, pilipili?"

"Kunywa, usiniulize. Samaki yuko wapi leo?"

"Samaki? Hata kisima chake hakipo!"

Wakacheka wote, na Tupevilwe naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Tuta la kwanza likaisha, kata zikazunguka. Tuta la pili lilienda mshazari kama njia ya nyoka. La tatu hakuna aliyelimaliza. Wimbo ulikatika, mmoja akaketi, mwingine akajilaza mtaroni, na kabla umande haujakauka majanini bonde lote lilikuwa linakoroma.

"Ambilikile, amka! Kesho maji yanafunguliwa."

"Nalima, shemeji, nalima," akajibu, amekumbatia mpini, macho yamefumbwa.

Tupevilwe akamshusha mtoto, akamfunika vizuri kwa kitenge, akachukua jembe. Alilima peke yake katikati ya watu waliolala, mpaka viganja vikachubuka, mpaka giza likaingia asione tena mahali pa kupiga.

Kesho yake mzee wa mfereji alimwona bado anahangaika. Hakuweza kuvunja sheria, lakini alianza kufungua maji kutoka upande wa mbali, tena kwa mwendo wa kobe, ili yamfikie wa mwisho. Hata hivyo yalifika. Nusu ya chini ya kinyungu, ile yenye rutuba, akapewa mwingine.

Ambilikile akaja, kichwa amekifunga kitambaa kwa maumivu.

"Shemeji, ile pombe ilikuwaje?"

Akamweleza habari ya mabeseni na barafu.

"Sasa kwa nini ukatupa maji?"

"Mlinicheka. Mlisema pombe yangu ni nyepesi."

"Tulikucheka, na tulilima. Mwaka ule nani aliondoka kabla ya tuta la mwisho?"

Tupevilwe akaliweka jembe chini.

"Ule ulikuwa utani wa shemeji na shemeji. Kaka yangu amekufa, utani haukufa. Na yale maji uliyoyatupa, shemeji, ndiyo tuliyokuwa tukiyafuata. Mtu mwenye jembe ana kiu."

Ndipo Tupevilwe akaketi kwenye tuta akalia, na Ambilikile akalichukua lile jembe akaendelea kusawazisha matuta ya nusu iliyobaki.

Mwaka wa tatu pombe ilitoka nyepesi. Ambilikile akachungulia kwenye kata, akamtazama shemeji yake kwanza, kisha akasema, "Samaki amerudi."

"Mpishe apite," Tupevilwe akamjibu. "Amekuja kulima."

Wakalima wote mpaka tuta la mwisho. Tangu hapo, huku kwetu, mtu akitaka kukipunguza alicho nacho kwa sababu ya kicheko cha watu, tunamkumbusha: mtupa barafu hulima peke yake.