Ukurasa wa Ukuta

Haya, sogeeni karibu, na midomo yenu mniwekee akiba, maana mwishoni nitaihitaji.

Mambo haya yalikuwa Uingereza, zama za Malkia Viktoria, nchi ya moshi na viwanda. Walikuwepo wanawake watatu. Kezia alijaliwa kumbukumbu: alichokiona mara moja hakikumtoka tena. Lavinia alijaliwa kalamu. Dorkasi alijaliwa mikono; alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, akiokota herufi za madini ya risasi moja moja na kuzipanga mistari, upesi kuliko mwanamume yeyote pale.

Tuanze na Kezia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Mumewe alipofariki, yeye na bintiye Anisi, mtoto wa miaka minane, waliingia nyumba ya mafukara. Mnaniuliza nyumba gani hiyo? Jumba la kulisha wasio na mbele wala nyuma, lakini sheria zake, jamani! Ukivuka lango tu, mume huku, mke kule, mtoto kwingine. Kezia akapelekwa chumba cha kufulia, Anisi akapelekwa uani kwa watoto, na katikati yao ukuta wa matofali. Kuonana ni Jumapili, nusu saa. Kusemezana siku nyingine, marufuku. Basi Kezia akawa anachukua ule mti wa kukorogea mashuka kwenye maji ya moto, anagonga ukuta mara tatu. Ng'ambo ya pili jiwe dogo linajibu: ko, ko, ko. Siku anayojibiwa, mama hula chakula chake akamaliza.

Lavinia alikuwa binti wa mchungaji wa kanisa. Kila Jumanne alikuja kuwasomea wagonjwa Biblia, na Jumanne moja akamkuta Kezia kitandani na homa.

"Una mtoto, mama?" akamuuliza.

"Ninaye, binti yangu. Nagonga, anajibu."

Maneno mawili tu! Lavinia akaomba aelezwe zaidi, akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, na Kezia akamsimulia yote aliyoyaona mle ndani: nywele za watoto zinavyonyolewa, kizee aliyekata roho akimwita mumewe aliyekuwa ghorofa ya juu yake. Hakutia chumvi hata chembe. Ila kuandika hakujua, hata jina lake mwenyewe.

Lavinia akajifungia chumbani akaandika riwaya. Yale maneno mawili yakawa kurasa nne, na kila aliyezisoma ilimbidi asimame kwanza avute pumzi. Mchapishaji akamwambia wazi kwamba kitabu cha mafukara kilichoandikwa na binti wa mchungaji hakitasomwa na mtu. Kikatoka kwa jina la mwanamume ambaye hakuwahi kuzaliwa, kipande kimoja kila mwezi, kama ilivyokuwa desturi siku hizo. Babake alipogundua, alimwonyesha mlango, maana yeye mwenyewe alikuwa kwenye halmashauri ya jumba lile. "Umenivua nguo mbele za watu," akasema, "toka!"

Sasa Dorkasi. Zile kurasa nne zilipofika kiwandani, mchapishaji aliingiwa na hofu. Maktaba za kuazimisha vitabu ndizo zilizompa mkate, na maktaba hazikutaka kuwaudhi wakubwa. Akazikata zote kwa wino mwekundu. Dorkasi akazisoma akiwa amesimama kwenye meza yake ya herufi, machozi yakimdondoka. Alizaliwa ndani ya jumba kama lile. "Hizi hazitoki," akasema moyoni. Akapiga moyo konde, akazipanga zote, na mtambo ukachapa nakala elfu kumi kabla mtu hajatanabahi. Adhuhuri ile ile alimwaga unga. Na bila barua ya sifa kutoka kwa bwana wake, hakuna kiwanda kilichomtaka.

Nchi ikatikisika! Watu walilia makanisani, wakabishana magazetini. Lakini Lavinia, katika kuandika kwake, alikosea jambo moja. Aliandika vilevile kama alivyosikia: mti wa kukorogea mashuka, ukuta wa chumba cha kufulia, mara tatu. Msimamizi wa jumba naye alisoma. Kesho yake Kezia akahamishiwa jikoni, mbali na ukuta, na jina la Anisi likatiwa kwenye orodha ya watoto wa kupelekwa Kanada kwa meli, kutumikia mashambani. Safari ni Ijumaa.

"Umeniandika mpaka umeninyang'anya mwanangu," Kezia akamwambia Lavinia Jumanne iliyofuata. Lavinia akalia.

Ndipo ikaja barua kwa mwandishi wa kitabu, na Lavinia akawapasha habari Kezia na Dorkasi. Mjane mmoja tajiri alikuwa na nyumba za wakfu, na moja ilikuwa wazi: vyumba viwili na kibustani cha kabichi. Aliitoa, ya kuishi maisha yote, kwa "yule aliyefanya ukurasa wa ukuta uwepo." Sharti la wakfu lilikuwa moja: ataishi mwanamke mmoja na aliowazaa, basi. Akionekana rafiki au mpangaji, wote nje. Na mwenye makazi yake, kisheria, anaweza kumtoa mwanawe nyumba ya mafukara. Kezia aliposikia hilo, akaomba ruhusa ya kutoka.

Alhamisi asubuhi wakaketi wote watatu mbele ya karani wa wakfu, Bwana Holbeki. Kezia alikuwa amepewa ruhusa ya saa moja.

"Nataka jina moja," karani akasema, "na mlitaje kwa kinywa kimoja. Mkishindwa, nyumba inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha."

"Bwana, mwanangu anasafirishwa kesho."

"Sikuuliza nani ana shida, mama. Wenye shida wamejaa hadi barazani. Nimeuliza nani aliufanya ukurasa huu uwepo."

Dorkasi akatangulia. "Bila mimi, ungekuwa wino mwekundu mtupu. Siku ya kumi na mbili leo nalala kwenye ngazi za kanisa. Baridi ikizidi, nitarudi kulekule nilikozaliwa."

"Mama Kezia alinipa maneno mawili," Lavinia akasema. "Yaliyobaki yalitoka kifuani mwangu. Baba sina tena, na jina langu halimo hata kwenye kitabu changu."

"Mlichokiandika na kukipanga nilikiishi mimi," Kezia akasema. "Aliyegonga ni mimi!"

Bwana Holbeki akamtazama Kezia. "Wewe ndiye mkubwa wao. Anza kutaja."

Kezia akafungua kinywa aseme "Mimi", na ile kumbukumbu yake ikamzibia njia. Akakumbuka Jumanne ile Lavinia alipomsomea zile kurasa kitandani, alivyolia kilio ambacho pale ukutani hakuwahi kulia, akajua kwa mara ya kwanza alichokuwa akikifanya na ule mti. Akakumbuka pia kwamba karatasi aliyosomewa ilikuwa ya chapa, tena chapa ya Dorkasi. Akamkumbuka Anisi.

Karani akachovya kalamu. Kwa kukosa subira akagonga meza kwa kidole: ko, ko, ko. Mkono wa Kezia ukanyanyuka wenyewe kutaka kujibu.

Sasa ile midomo niliyowaambia mniwekee, nileteeni. Na msinijibu nani wa kuhurumiwa, karani amekwisha kulikataa hilo. Kalamu ina wino, saa ya ruhusa inaisha, wawili watatoka mlango huu bila kitu. Wewe uliyekaa hapo, ungekuwa wewe Kezia, ungetaja jina la nani?