Tope la Michirizini

Sogeeni, bananeni, moto ni mmoja. Nikisema palikuwa, nyie semeni na sisi tupo. Palikuwa... Ee, hivyo hivyo. Ila wewe Mrutu meza kwanza hicho kiazi.

Palikuwa na mlima, enzi hizo mawe bado mabichi, na mlimani mwanamke kijana, Nakijwa. Mume kafa, kamwachia watoto watatu na mavyaa, mama wa huyo mume, kikongwe asiyeona. Mbegu yao yote ya maharage ni kibuyu kimoja, kinaning'inia juu ya jiko. Kikiisha hicho, watoto nao wamekwisha.

Sasa huko walikuwa na mila yao. Mvua ikianza, hupandi. Unakwenda shambani, unachoma mkono ardhini. Ukilowa hadi kiwiko, ndipo kibuyu kinafunguliwa. Haujafika kiwiko, kaa utulie.

Ikanya siku tatu. Nakijwa akachoma mkono shambani, ukalowa mpaka kifundo tu. Jirani yake, Mama Sengondo, huyo anapita na jembe, anacheka.

"We Nakijwa, unangoja mvua ikubishie hodi? Wenzio tumeshapanda. Wanao watakula kiwiko?"

Mimi ningecheka, mnanijua. Yeye hakucheka. Akiwatazama wale watoto, mbavu unazihesabu. Na mvua ikipita je? Akarudi nyumbani, akachoma mkono michirizini, pale maji ya paa yanapodondokea. Pale si unazama hata na bega.

"Mama, shika. Kiwiko hiki."

Kikongwe akaupapasa mkono. Akaunusa. Akasema, "Haya, kalete kibuyu." Akammiminia mbegu kwenye ungo, kibuyu akakiweka nyuma yake.

Maharage yakaota, mazuri hayo. Siku ya sita anga ikageuka. Jua leo, jua kesho, jua keshokutwa. Wingu linakuja, linachungulia, linaondoka. Upepo wa moto ukapanda kutoka nyikani, majani yakalala kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Nakijwa akachota maji mtoni, kata kwa kata, mpaka mto nao ukabaki mawe.

Akakiendea kibuyu, akakitikisa. Hakikulia. Akatikisa tena. Kimya.

"Mama, unacheza ngoma?" mwanawe mdogo akamuuliza.

Hapo wanangu, hata mimi huwa naogopa.

Ndipo ikanya ile yenyewe, ya kutwa kucha. Mama Sengondo anapita nyumba kwa nyumba anaomba mbegu, hacheki. Nakijwa kakaa mlangoni, hata kulia hawezi.

"Nakijwa, nenda shambani," mavyaa akasema.

"Nikafanye nini, mama? Nilikudanganya. Ule mkono niliuchoma michirizini."

"Najua. Maji ya paa yananuka moshi. Nilikupa nusu." Akavuta fundo la ngozi chini ya kitanda chake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniona kikongwe mchoyo, uibebe yote nikisinzia. Nenda. Na mkono uje unanuka udongo."

Alikimbia huyo, matope hadi magotini. Akarudi, kiwiko kinachuruzika. Kikongwe akanusa, akanusa tena, ndipo akafungua fundo.

Basi wanangu, mvua za kwanza zinadanganya, kila mwaka zinadanganya. Usizisaidie.

Nikisema pamekwisha, nyie semeni tumebaki sisi. Pamekwisha.