Mkono Mtupu wa Bwana Ghalib

Kamba wa kina mama wa ushirika walikuwa wasafirishwe ng'ambo, lakini kontena la baridi lisingepanda meli bila idhini ya Bwana Ghalib, mkubwa wa gati kwa hisani ya mjomba wake. Baridi aliijua ya soda tu.

"Mkono mtupu haulambwi, Mwanasha," alimwambia kiongozi wa ushirika, akikodolea macho trei za kamba wabichi zikiingizwa kwenye ghala la baridi.

"Kweli, Bwana mkubwa. Basi kesho ukishatoa idhini, njoo na huohuo mkono mtupu. Chota utakavyo, ila bila chombo."

"Nitakavyo?"

"Mpaka uchoke mwenyewe."

Asubuhi Ghalib alitoa idhini mbele ya kina mama wote, akaja amevaa kanzu ya mifuko mipana. Mwanasha akamfungulia ghala. Kumbe trei zilikuwa zimejazwa maji na kugandishwa, na kamba wamelala ndani ya barafu ngumu kama jiwe.

Ghalib akakwaruza, akafinya, akang'ang'ana.

"Chota, Bwana mkubwa. Au umeshachoka?"

Vidole vikamfa ganzi. Akavitia mdomoni vyote, kuvipasha moto.

"Ala!" Mwanasha akawageukia wapakizi. "Pakieni, jamani. Kumbe hulambwa!"