Nakijwa wa Mivukuto

Sogeeni, enyi kizazi cha Ngwenda, na yule anayecheka pale nyuma afunge mdomo, maana habari hii ni aibu yetu na leo nitaisema yote. Zama zile mlima huu haujapewa jina, watu wetu wakichimba kwa vijiti na kulala njaa, alizaliwa Nakijwa binti Sengondo, mjukuu wa Mamkunga aliyevuka mbuga peke yake na mimba ya miezi minane. Nakijwa Koo la Shaba, Mama wa Mivukuto.

Ni yeye aliyetutungia wimbo wa tanuri. Msidhani ulikuwa wimbo wa kupitisha muda, la hasha! Wale walioikandamiza mivukuto, mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, walifuata beti zake, na ubeti wa mwisho ulipokwisha ndipo tanuri lilipobomolewa na chuma kutolewa, si kabla wala baada. Kila mara Nakijwa aliushika udongo wa chuma, akaunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi, kisha akatunga beti za kuongeza au akapunguza. Mwaka wa mvua kubwa aliimba siku mbili bila kuketi, hata damu ikamtoka puani, na majembe ya tanuri lile ndiyo yaliyolima mashamba haya mnayogombania. Hata wazee waliomzidi umri walimwita mama.

Sifa zikamfikia Kirumbe, mtawala wa tambarare, mwenye mikuki isiyohesabika. Akatuma neno: "Nipeni mwimbaji wenu, nami sitapanda mlima wenu maisha."

Baraza likakaa. Na nani alisimama kwanza? Mrindoko, mdogo wake Nakijwa wa tumbo moja, aliyelelewa mgongoni mwake! "Wimbo tunao vichwani, hata watoto wanaujua," alisema. "Mwimbaji aende, sisi tubaki salama." Hakuna aliyepinga.

Nakijwa alikuwepo, mikono ingali na masizi. Aliwatazama mmoja mmoja, akingoja walau mtu mmoja aseme hapana, na moyo ulimuuma kwa kuwa wengi wao aliwajua tangu wakitambaa.

"Mrindoko, baba, wimbo si maneno tu," alisema. "Nani atawashikia udongo?"

"Dada, usitutie unyonge mbele za watu," akajibu Mrindoko, macho chini.

Nakijwa akacheka kicheko kikavu. "Kumbe mmeshashiba. Haya, nakwenda kwa miguu yangu. Asinishike mtu."

Akashuka. Kirumbe alimvika shanga, akamjengea tanuri, akamwamuru aimbe. Hakuimba. Akamfunga, akamnyima chakula, hakuimba. Siku moja, alipofunguliwa, Nakijwa alikwenda kuchota maji asirudi, na kaburi lake halijulikani.

Huku kwetu tanuri liliwashwa juma lile lile aliloondoka Nakijwa. Waliimba ubeti kwa ubeti bila kukosea neno, wakabomoa, na chuma kikavunjikavunjika mikononi mwao kama muhogo mkavu. Wakarudia mwaka baada ya mwaka, mpaka Mrindoko akafa mbele ya tanuri akiimba, sauti imemkauka, na hakuna jembe hata moja lililotoka.

Basi ndivyo tulivyo. Tunajiita wana wa Nakijwa, tena kwa kujigamba. Majembe tunanunua kwa watu wa tambarare, na wimbo wake tunauimba harusini, kwa sauti nzuri mno, wala hautufai kitu.