Zizi la Bondeni

"Mficha zizi huponza mazizi." Mmeisikia leo pale joshoni, mwanamke akimwambia mumewe aliyetaka kuwaacha ndama wawili nyumbani, nanyi mmeniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa kijijini kwetu, na aliyeisema kwanza nilimfahamu. Ilikuwa hivi.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila zizi liandikishwe, na kila ng'ombe avishwe hereni ya plastiki sikioni, yenye namba yake. Afisa mifugo aliyeletwa kwetu alikuwa msichana wa Kipare, Tumsifu, nasi tulimwita Daktari. Alitueleza kwa upole kwamba ng'ombe akiugua, ile namba itaonyesha ametoka zizi gani na amepita wapi, ili ugonjwa ufuatwe mpaka ulikoanzia kabla haujatumaliza. Watu waliguna, lakini wakaandikisha.

Mzee Hhando Amnaay naye aliandikisha. Alikuwa mtu wa heshima; palipozuka ugomvi wa mpaka, yeye ndiye aliyeitwa. Alitoa ng'ombe wake wa nyumbani, wakavishwa hereni, kisha akamkaribisha Daktari maziwa. Hakusema kwamba alikuwa na zizi jingine bondeni, nyuma ya mlima, lililotunzwa na shemeji yake Gwandu.

Msidhani alikuwa mchoyo. Alipokuwa mdogo, enzi za wakoloni, aliwaona watu wa serikali wakihesabu ng'ombe wa baba yake, na msimu uliofuata wakaja kuwachukua baadhi yao. Baba yake akamwambia, "Ng'ombe aliyehesabiwa si wako peke yako." Neno hilo Hhando alizeeka nalo.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Vijito vya huku juu vilikauka, tukawa tunateremsha ng'ombe kunywa kwenye kinamasi kilicho chini ya mlima. Ng'ombe wa Gwandu nao walipandishwa kunywa hapo hapo. Mvua ziliporudi, maksai wa Paskalina akaanza kukohoa. Alikuwa akisimama ameinyoosha shingo, miguu ya mbele ameitanua, kila pumzi inamuuma.

Paskalina alikuwa mjane mwenye ng'ombe wachache, akiwasomesha watoto kwa maziwa yao. Daktari alimpima maksai yule akasema ni homa ya mapafu. Akasoma namba yake, akafuatilia alikozaliwa, aliyemuuza, na ng'ombe waliochungwa naye. Kila zizi alilofika alilikuta zima. Njia ya ugonjwa ikakatikia mlangoni kwa Paskalina.

Wagonjwa wakachinjwa. Mnada ukafungwa. Mazizi yote yaliyoandikishwa yakachanjwa, tukadhani ugonjwa umekwisha. Lakini kikohozi kikazuka tena kwenye zizi jingine, kisha jingine, kwa ndama waliozaliwa baada ya chanjo na kwa wale ambao chanjo haikuwashika. Daktari alikonda. Alikuwa akisema, "Kuna mahali ugonjwa huu unalala, nami sipajui."

Lakini watu walisema wanapajua. Walisema Paskalina amenunua ng'ombe kwa njia za panya na anakataa kukiri. Waliokuwa wakinunua maziwa yake wakaacha, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa akiyapitisha nyumba kwa nyumba asubuhi, na adhuhuri anarudi nayo, yameanza kuganda.

Mzee Hhando alijua. Gwandu alikuwa amemjia mapema na kumwambia kwamba ng'ombe wa bondeni wanakohoa na wengine wamekufa. Hhando akamwomba anyamaze. Alijipa moyo kwamba ugonjwa utaisha wenyewe, kama mafua yanavyoisha. Siku hizo alipokutana na Paskalina njiani alimsalimia akiangalia chini.

Mwishowe ukaitishwa mkutano ofisi ya kijiji. Baadhi walitaka Paskalina ahamishe ng'ombe wake waliobaki, aende nao anakokujua. Mwenyekiti alimpa nafasi ya kujitetea. Paskalina akasimama, lakini hakumwangalia mwenyekiti.

"Baba Hhando," alisema, "wewe ndiye uliyenipokea nilipoletwa hapa bibi harusi. Mume wangu alipofariki, wewe ndiye uliyesimamia urithi, na hukukuta hata ndama niliyemficha. Waambie hawa. Mimi ni mtu wa kuficha?"

Mzee akainuka, kofia mkononi.

"Si mtu wa kuficha," alisema. "Aliyeficha ni mimi."

Daktari ndiye aliyeuliza, taratibu, "Umeficha nini, mzee wangu?"

"Zizi, binti yangu. Liko bondeni kwa Gwandu. Wanakohoa tangu kiangazi, na walikunywa maji pamoja na ng'ombe wa huyu mama."

"Mbona hukuniambia? Ningewachanja wakiwa wazima."

"Niliogopa kuwapoteza."

Alipolisema hilo akakaa chini.

Siku ile ile Daktari aliteremka bondeni pamoja naye. Nusu ya ng'ombe wa zizi lile walikuwa wagonjwa. Walichinjwa mbele ya macho ya mzee, na wazima wakachanjwa, wakavishwa hereni, wakatengwa mpaka Daktari aliporidhika. Hakuingia tena mgonjwa mpya kijijini, na baadaye mnada ukafunguliwa.

Hhando akachagua mtamba mzuri katika wale waliosalimika, akampelekea Paskalina.

Paskalina akamtazama yule mtamba, akampapasa shingo. "Ni mzuri," alisema. "Lakini baba, mtamba hawezi kunisemea. Maziwa yangu yalikataliwa nyumba kwa nyumba. Pita nyumba zile zile."

Wengi tulidhani mzee hatafanya hivyo. Mtu wa umri wake, aliyezoea kufuatwa nyumbani kwake. Lakini kesho yake nilimwona kwa macho yangu akija kwetu na fimbo yake. Alikataa kiti. Alisimama pale mlangoni akamwambia mama yangu, "Paskalina hana kosa. Mimi nilificha zizi nikaponza mazizi." Kisha akaaga, akaenda nyumba inayofuata, akasema maneno yale yale.

Hakukuwa na mlango alioruka. Jioni hiyo mama alinipa kibuyu akanituma kwa Paskalina kununua maziwa, nikakuta foleni.

Watu wakayafupisha maneno ya mzee yakae vizuri mdomoni. Yeye mwenyewe alipoyasikia hakukasirika. Kila ndama alipozaliwa kwake aliharakisha kumwita Daktari, na akiulizwa haraka ya nini, alijibu kwa upole, "Mficha zizi huponza mazizi."